Wasiokimbia Ndio Wenye Mbio

Jumapili ya mwisho ya Februari, au ya kwanza ya Machi, mji wa Moshi huamka mapema kuliko kawaida yake. Kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakimbiaji wa kilomita 42 hutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Nusu saa hivi baadaye hufuata wa kilomita 21, kisha humwagika barabarani kundi la kilomita 5, ambalo ndilo lenye watu na ndilo lenye vituko: wanafunzi wenye raba za shule, akina mama wa vikoba waliovaa fulana za rangi moja, wastaafu wanaotembea kwa mwendo wa kwenda benki, na vijana wanaotimka kama wameibiwa halafu wanakaa chini kwenye kilomita ya pili. Kwa jumla, miaka hii ya karibuni, wanapita elfu kumi.

Lakini wakati hao wanafunga kamba za viatu, kuna wengine ambao kazi wameianza tangu usiku. Wamepanga meza za maji njia nzima mpaka Mweka. Wamekaa na trafiki kukubaliana malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam yasimame wapi. Wamebandika vibao vya kilomita, wamehesabu pini za namba za kifuani, wamemgongea mlinzi wa uwanja afungue vyoo. Magazeti ya Jumatatu hayatawataja, kwa sababu ya Jumatatu ni ya washindi. Hata hivyo, ukitaka kujua kwa nini mbio moja hudumu miaka zaidi ya ishirini na nyingine hufa mwaka wa tatu, hao ndio wa kuwatazama.

Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003. Waliobuni ni kampuni ya Wild Frontiers ya Afrika Kusini, chini ya John Addison, wakishirikiana na watu wa Tanzania. Mdhamini mkuu akawa bia yenye jina lile lile la mlima. Tangu hapo haijakosa mwaka. Hata Februari 28, 2021, wakati Boston na London zilikuwa zimesogezwa mpaka Oktoba kwa sababu ya UVIKO-19, Moshi watu walikimbia. Kama ilikuwa ni busara au ni kuthubutu kupita kiasi, mabishano yake hayajaisha vijiweni. Ilipofika 2022 ikawa imetimiza mara ya ishirini. Kwa ukanda wetu, ambako mashindano mengi huzaliwa na kampeni za uchaguzi na kuzikwa nazo, huo ni umri wa mtu mzima.

Sasa tutoke Moshi, tushike barabara kuu kuelekea Dar es Salaam, kilomita mia na ushei mpaka Same mjini, kisha tuiache lami ya barabara kuu na kuingia Upare Kusini, tuzitafute kata za juu: Bombo, Vuje, Mtii na jirani zake. Huku hakuna uwanja wa chuo kikuu wala hoteli za watalii. Kuna milima, mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko, mifereji ya maji, shule na nyumba za ibada. Na kuna kitu ambacho Moshi imelazimika kukijenga kwa fedha za wadhamini lakini Upareni kimekuwapo kabla ya wakoloni: msaragambo.

Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya wote. Tangazo linapita, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, siku iliyopangwa watu wanashuka au wanapanda mpaka mahali penye kazi. Barabara iliyokatika inazibwa, mfereji unasafishwa, darasa linasogezewa mawe na mchanga. Ndiva, yale mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya kumwagilia ambayo Wapare wameyatunza kwa vizazi, hayangekuwapo bila utaratibu huo. Asiyefika bila sababu anatozwa faini, na faini hiyo hailipwi kwa maneno. Mbio za kijamii, ukizivua muziki na fulana, ni msaragambo wa siku moja. Ndiyo maana hesabu ya miaka ya Moshi inafaa kusomwa kwa makini Bombo kuliko hata Dar es Salaam.

Kazi ya kwanza ya mbio, kupima njia, hufanywa miezi kabla ya siku yenyewe, nayo hufanywa kwa baiskeli. Kwenye gurudumu la mbele hufungwa kaunta ndogo ya gia iitwayo Jones, jina la walioibuni. Mpimaji kwanza hutafuta kipande cha barabara kilichonyooka, kisichopungua mita 300, akakipima kwa utepe wa chuma. Hukipita kwa baiskeli mara nne na kuandika kaunta imesoma ngapi. Kisha huendesha njia nzima ya mbio akikata kona kwa ufupi ule ule ambao mkimbiaji mjanja angekata, sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Akimaliza hurudi kwenye kile kipande cha mwanzo akipite tena mara nne, kwa sababu jua likishapanda upepo ndani ya tairi hutanuka na hesabu ya asubuhi haiwi tena hesabu ya mchana. Juu ya yote hayo huongeza mita moja kwa kila kilomita, kwa hiyo marathon nzima huwa na mita 42 za ziada, ili pasiwepo siku ya kugundua kwamba njia ilikuwa fupi.

Mtu anaweza kuuliza usumbufu wote huo ni wa nini, wakati bodaboda ina mita yake na simu ina ramani. Mita ya bodaboda inatosha kukadiria nauli. Saa ya setilaiti, ikiingia kwenye makorongo na chini ya miti mikubwa, huruka huku na huku na kuongeza kilomita ambazo hakuna aliyezikimbia. Na mkimbiaji kijana wa kijijini anayesema amemaliza kilomita 10 kwa dakika 31 hatasikilizwa na kocha yeyote ikiwa njia yenyewe ilikuwa kilomita 9 na nusu. Kipimo sahihi ndicho cheti chake. Urefu wa marathon, kilomita 42.195, umetokana na Michezo ya Olimpiki ya London ya 1908 na ukathibitishwa rasmi mwaka 1921. Tangu hapo dunia nzima inakubaliana juu ya mita, na sababu pekee ya kukubaliana ni kwamba kuna watu waliokubali kupanda baiskeli alfajiri.

Maji ni hesabu nyingine. Kanuni za kimataifa zinataka kituo cha maji karibu kila kilomita 5, lakini kwenye joto la Februari waratibu wenye akili huweka vingi zaidi. Chukua mbio ndogo ya watu 500, yenye vituo 5, kila mtu akipewa kikombe cha robo lita kasoro kidogo, tuseme mililita 200. Hizo tayari ni lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Ongeza wale wanaojimwagia kichwani, wale wanaochukua viwili na watoto wa njiani wenye kiu yao, utakuta madumu 50 hayakai. Nani atayajaza? Nani atayapandisha mlimani? Nani atakayekuwa na jagi mkononi saa moja asubuhi, na nani atazunguka mchana kuokota vikombe kabla mbuzi hawajavitafuna? Huko Moshi makampuni hugawana meza za maji, kila moja na yake, na vijana wao wakavaa nembo zao. Kijijini swali hilo linajibiwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo washika madumu wanapaswa kulijua. Kumlazimisha mtu anywe hata kama hana kiu ni hatari. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta kwamba 13 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa kupita kiasi, hasa wanaokimbia polepole na kukaa barabarani muda mrefu. Anayeshika jagi aonyeshe kikombe, basi. Asimkimbize mtu nacho.

Njia ya Moshi yenyewe ina somo lake. Wa kilomita 42 huanza kwa kwenda tambarare upande wa barabara ya Dar es Salaam, wakageuka, wakarudi mjini. Hapo wengi hujiona mabingwa. Kisha njia inapinda kuelekea mlimani, kwenye kilima kirefu cha Mweka, katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, kilomita baada ya kilomita. Mweka ndiko kwenye chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, na ndiko wanakotokea wapanda mlima wanaoteremka kutoka kileleni, kwa hiyo wenyeji wa barabara ile wamezoea kuona watu waliochoka. Ukifika kwenye mgeuko unaambiwa sasa ni mteremko tu, na hapo ndipo miguu hufa. Mtu anapopanda, misuli ya paja hujikunja ikisukuma. Anapoteremka, misuli ile ile hurefuka huku imebeba uzito wake wote, na nyuzi zake hupata majeraha madogo madogo. Ndiyo sababu Jumatatu mkimbiaji hutembea, lakini Jumanne hushuka ngazi kinyumenyume.

Watu wa Upare Kusini hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mama anayeteremka na tangawizi kutoka Mamba Miamba, au anayepandisha mchele wa Ndungu kwenda milimani, anaujua mteremko kwa magoti. Kwao swali la maana ni jingine: mbio zifanyike lini?

Mwezi unachaguliwa na mvua. Masika hushika Machi hadi Mei, vuli hushika Oktoba hadi Desemba, na milima hii si ya kuchezewa wakati udongo umelowa. Novemba 2009 mvua za vuli zilishusha maporomoko ya ardhi Goha, huko Mamba Miamba, yakaua watu wasiopungua 20. Kamati inayopanga kupeleka mamia ya watu kwenye njia ya mlimani haiwezi kusahau jina la Goha. Moshi walichagua Februari kwa sababu mvua kubwa bado. Wakalipa kwa joto. Upareni Julai na Agosti ni kavu na ni baridi, shule zikiwa na likizo yake ya katikati ya mwaka karibu na hapo, na pengine ndiyo miezi yenye mantiki.

Siku ya wiki ni ngumu kuliko mwezi. Upare Kusini ndiko Uadventista wa Sabato ulikoanzia Tanzania: wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo walifika Giti, Mamba, Novemba 1903. Ukitangaza mbio Jumamosi asubuhi umewafungia mlango nusu ya majirani zako, na wanakwaya wote. Ukitangaza Jumapili asubuhi kama Moshi, Walutheri, ambao nao wana mizizi mirefu Mbaga na Gonja, watauliza kwa nini barabara ya kanisani imefungwa. Ijumaa mchana haiwezekani kwa Waislamu. Siku ya gulio huwezi hata kuijadili. Jumapili saa kumi na mbili alfajiri, zikamalizika kabla ibada ya pili haijaanza? Inawezekana, ila itahitaji mchungaji, mzee wa kanisa na shehe wakae benchi moja kabla ya bango lolote kuchapwa. Mbio nyingi za mijini zimepuuza kikao cha aina hiyo, kisha zikashangaa kwa nini wenyeji wanazitazama kwa pembe ya jicho.

Suala la dini linagusa na fedha. Moshi mdhamini mkuu ni bia, na mji ule uliolelewa na mbege haukuona ajabu. Bango lile lile likipandishwa Bombo litazua maneno kwa Wasabato na kwa Waislamu kabla halijakauka gundi. Hakuna haja ya kuwalaumu waliokubali udhamini wa bia, kwa sababu fedha hiyo ndiyo iliyolipia ambulensi na chipu za kupimia muda. Lakini mdhamini huja na masharti, jina lake hukaa mbele, na akiondoka hubomoa. Kila mbio iliyobadilisha jina mara tatu ndani ya miaka mitano imewahi kuujua uchungu huo.

Zipo njia nyingine za kutafuta sababu ya mbio. Tangu mwaka 2020 hivi benki kubwa za Tanzania zimekuwa zikikimbiza watu kwa ajili ya tiba: CRDB kwa watoto wenye maradhi ya moyo wanaotibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, NMB kwa akina mama wenye fistula wanaohudumiwa CCBRT, NBC huko Dodoma kwa vita dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Kule Kenya, Lewa iliyoanza mwaka 2000 hukimbiwa ndani ya hifadhi, helikopta na ndege ndogo zikiangalia simba wako wapi, na mapato huenda kwenye uhifadhi, shule na zahanati. Same ina Mkomazi pembeni yake, hifadhi ya taifa tangu 2008, yenye faru. Mawazo hayakosekani.

Na fedha ya kuanzia si lazima iwe nyingi. Mwaka 1921 Mwafrika Kusini mmoja, Vic Clapham, alianzisha Comrades, mbio za kilomita karibu 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban, ambazo leo zina wakimbiaji kwa maelfu. Wazo alilitoa kwetu. Alikuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia na alitembea takriban kilomita 2,700 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, katika kampeni ile ambayo mwaka 1916 ilipitisha majeshi ya Jenerali Smuts kando ya Milima ya Upare yakifuata reli ya Tanga. Alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa kwa kitu kigumu kama walichokipitia. Chama cha askari wa zamani kilimpa pauni moja ya gharama, kwa sharti kwamba airudishe. Walioanza walikuwa 34, waliofika 16. Wapare, ambao majirani hawachoki kuwatania kwa ubahili, wangelipenda sharti lile la pauni. Na mhazini Mpare, tuseme ukweli, ni mali kwa kamati yoyote ya mbio: risiti ya vikombe itakuwapo, na ya pini pia.

Comrades hiyo hiyo ina doa linalofaa kutajwa. Mpaka mwaka 1975 haikuwaruhusu rasmi Waafrika weusi wala wanawake kushindana. Mbio zilikuwa zimetimiza zaidi ya miaka hamsini bila kuuliza nani hayupo. Swali hilo haliishi kwa kufuta ubaguzi wa sheria. Ada ya kiingilio inaweza kufanya kazi ile ile kimyakimya. Moshi huwatoza wageni wa kigeni zaidi na Waafrika Mashariki kidogo, jambo la haki, lakini hata hiyo kidogo pamoja na nauli na kulala humuacha nje kijana wa Vuje mwenye mapafu mazuri kuliko waliolipa. Kilomita 5 zimeokoa heshima ya mbio ile kwa wenyeji wengi. Kijijini ada inaweza kuwa dumu la maji, mzigo wa kuni za jikoni au siku moja ya kusawazisha njia.

Kuna mtihani mmoja ambao huonyesha kama mbio ni za watu au ni za picha: nenda mstari wa kumalizia saa mbili baada ya mshindi kuondoka. Bado kuna mtu na saa? Bado kuna maji? Oktoba 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathon ya Olimpiki, goti likateguka. Alifungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani usiku umeingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Jibu lake kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza linajulikana dunia nzima. Linalosahaulika ni kwamba muda wake upo kwenye vitabu, saa 3 dakika 25 na sekunde 27, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyebaki na saa yake mezani, na kulikuwa na mpiga picha aliyebaki na kamera. Wangeondoka na washindi, Tanzania isingekuwa na Akhwari.

Wengi wanapozungumzia mbio za vijijini huwaza kupata mabingwa. Matumaini hayo yalipata nguvu Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Walitenganishwa na sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Ni furaha kubwa. Lakini kamati ya kijiji ikijiwekea lengo la kumtoa Simbu mwingine, itavunjika moyo mwaka wa pili. Bingwa hutokana na kocha, chakula, kambi, miaka kumi ya mazoezi na bahati. Mbio za kijiji zinaweza kumwonyesha kijana kwamba ana mbio. Kinachofuata si kazi ya siku moja.

Ambacho mbio za namna hii zinaweza kukifanya vizuri kimeonekana Kapenguria. Tegla Loroupe, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda New York Marathon, mwaka 1994, alitoka katika jamii ya Wapokot, eneo la wizi wa mifugo na bunduki. Mwaka 2003 aliunda taasisi yake ya amani, na Novemba 2006 akawakimbiza kilomita 10 wapiganaji wapatao 2,000 kutoka jamii zilizokuwa zikiuana. Mshindi wa siku ile hana umuhimu mkubwa. Muhimu ni vikao vilivyotangulia: wazee waliokubali vijana wao wasimame mstari mmoja na mahasimu, akina mama waliopika, watu waliohakikisha kila upande unarudi nyumbani salama. Upareni hakuna vita ya namna hiyo, namshukuru Mungu. Kuna kesi za mipaka, ambazo hazipungui.

Uwezo wa kukusanyika upo tangu zamani. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, wakapiga kambi mbele ya serikali ya kikoloni, historia ambayo Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu. Umati huo ulilishwa, ulipangwa, ulidumu, bila simu na bila mdhamini.

Kwa hiyo, ikitokea kata ya Bombo au jirani yake ikataka mbio zake, wasianze na bango wala barua kwa kampuni. Waanze na kikao cha vitongoji na viongozi wa dini kuchagua siku. Wamtafute mpimaji kupitia chama cha riadha cha mkoa, waweke kilomita 5 kwa kila mtu na 10 kwa wenye hamu, waikwepe kilomita 42 mpaka miaka kadhaa ipite. Zahanati iarifiwe mapema, pamoja na gari moja la kumfuata wa mwisho mpaka afike. Zawadi ya kwanza iwe mbuzi, ya pili kilo kadhaa za tangawizi. Majina ya wote waliomaliza, hadi wa mwisho, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata. Na daftari la kwanza kufunguliwa liwe la watakaoshika madumu: likijaa hilo, wakimbiaji watakuja wenyewe, lisipojaa, kamati iahirishe mpaka mwaka ujao.